Simu Mbili na Sauti ya Mama

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu wala siombi radhi. Ni kazi iliyonifanya hivi. Nimeuza mahindi na maharagwe katika soko la Migori kwa miaka mingi, na mtu wa nafaka hujua kwamba gorogoro, ule mkebe tunaopimia, unaweza kugongwa kitako kikaingia ndani, na mnunuzi akaenda zake na kipimo pungufu huku akishukuru. Kwa hiyo kabla sijanunua kwa mtu natia mkono ndani ya mkebe wake. Gunia nalo nalitia mkono mpaka kwenye kiwiko, maana yale mazuri huwekwa juu. Mume wangu husema hata nikiandaliwa chai nyumbani kwangu Suna huichungulia kwanza. Ni kweli, huichungulia.

Sauti ya Mama ilianza kukwaruza polepole. Yeye huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaanga ufuoni Karungu, na sote tulisema ni moshi. Ndugu yangu mdogo, anayeishi na kufanya kazi Homa Bay mjini, ndiye aliyempeleka hospitalini kwa lazima, nami nikafika siku ya majibu. Daktari wa koo alituketisha akatueleza bila haraka. Kulikuwa na uvimbe umeshika kile kisanduku cha sauti, na lazima utolewe pamoja na kisanduku chenyewe, la sivyo ungemziba pumzi. Akipona atakula, atatembea, atarudi kuuza samaki wake. Lakini sauti hatakuwa nayo tena.

Nilimuuliza daktari swali hilohilo kwa njia nyingi, kama ninavyomhoji mtu aliyeniletea maharagwe ya bei rahisi mno. Hakuna namna ya kubakisha hata kidogo? Una hakika picha hizi ni zake, hazikuchanganywa na za mgonjwa mwingine? Yule mtu alikuwa na subira, akanijibu yote. Mama yeye aliuliza jambo moja tu, kwamba atalazwa lini. Alipoambiwa ni mwezi ujao, akakaza kitambaa chake kichwani, akainuka.

Tulipotoka pale niliapa moyoni kwamba hawataichukua sauti ile kabla sijaiweka mahali salama. Ilikuwa sauti kubwa. Ukiwa barabarani ulimsikia akibishana na mteja kule chini ufuoni. Ilinichamba, ikaniitia chakula, ikanisomesha, maana samaki hawakujiuza wenyewe. Nilitaka niwe nayo yote, kila neno, masaa na masaa ya Mama akiongea. Simu niliyokuwa nayo ilijaa picha za magunia, na kila nikigusa kamera iliniambia nifute kitu kwanza. Nilikuwa nimeweka akiba ya kupaua jiko. Nikasema jiko lingoje.

Duka lilikuwa pale mjini Migori, na kijana muuzaji alinitolea simu mbili za kampuni moja akazilaza juu ya kioo.

“Auntie, hizi ndio baba yao mwaka huu. Hakuna kitu inazipita.”

Moja ilikuwa nyembamba, inang'aa, na ilikuwa na nafasi ya zaidi ya giga mia tano. Betri yake ilikuwa ndogo. Nyingine ilikuwa nene, nzito mkononi, betri yake kubwa ajabu, lakini nafasi ilikuwa robo tu ya ile ya kwanza. Nilizitazama kwa muda mrefu. Kilichonikera ni kwamba kila moja ilikuwa na kile ambacho mwenzake amekosa, na vitu vya namna hiyo havitokei kwa bahati.

“Kwa nini hawakuweka vyote viwili ndani ya moja?”

“Hiyo ingekuwa nzito sana, auntie.”

“Au ni ndio ninunue mbili?”

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikaigeuza ile nene nikitafuta mahali pa kuchomeka memori kadi, kama zamani. Hapakuwa na tundu popote. Akaniambia kampuni iliondoa tundu ili maji yasiingie. Nikamuuliza kama ni maji yaliyozuiwa au ni mimi. Kisha nikamlazimisha aiwashe anionyeshe nafasi iliyomo, na nilichoshuku ndicho nilichokikuta: simu mpya kabisa, haijapigwa hata picha moja, na sehemu nzuri ya nafasi yake imeshaliwa.

“Hii imekulwa na nani?”

“Ni system, auntie. Hata simu yenyewe lazima ikae mahali.”

Yaani mwenye nyumba anakukodishia chumba halafu kitanda chake kimo. Lilikuwa gorogoro lililogongwa kitako, hakuna jina lingine. Nikahamia kwenye betri. Alisema ile nene inakaa siku mbili, nyembamba siku nzima. Nikamuuliza ni siku ya nani, ya mtu anayeitumia au ya mtu anayeitazama. Hapo akaanza kuwasalimia wateja wengine.

Nilimpigia ndugu yangu.

“Sista, chukua ya betri,” akasema. “Storage si shida siku hizi. Vitu zote utaweka kwa mawingu.”

“Mawingu ya nani?”

“Ni kompyuta za watu, huko ng'ambo. Zinakuwekea.”

“Watu gani?”

Hakujua. Amesoma, ana kazi ya ofisi, na anaweka picha za watoto wake kwa watu asiowajua. Basi mimi sauti ya mama yangu nisingeitia kwenye ghala ambalo mwenye funguo sijawahi kumwona uso. Nilichukua ile nyembamba yenye nafasi kubwa. Chaji ikiisha unachaji tena, nilijiambia, lakini nafasi ikiisha utamkatiza mtu katikati ya sentensi. Nilitoka pale nikihisi kwamba walau mara hii sikupunjwa.

Nyumbani Karungu nguzo za umeme zimefika barabarani zikasimama hapo. Mama ana paneli ndogo ya sola juu ya bati, inayowasha taa mbili na kuchaji kabambe yake, ile simu ndogo ya vibonye. Nilifika asubuhi. Nikaegemeza simu yangu mpya kwenye sufuria, nikamketisha Mama juu ya kigoda mkabala nayo. Tuliongea Kijaluo, kama siku zote, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili.

“Ongea, Mama.”

“Niongee nini?”

“Chochote. Tuambie ulivyolelewa. Ulivyoolewa. Tubariki.”

Akaitazama simu, akanitazama mimi. Nililijua jicho lile. Ndilo jicho langu mimi mwenyewe, sikulitoa kwingine.

“Nyara,” akaniita, binti yangu, “hii ni ya matanga?”

Nikasema hapana. Nilisema upesi mno, nafikiri. Kwetu matanga si jambo dogo. Kuna mahema, majenereta, vipaza sauti vinavyosikika mpaka ng'ambo ya ghuba. Na siku hizi familia zenye uwezo zimeanza mtindo mpya. Hapo jirani walimzika mzee mmoja, na katikati ya hotuba mwanawe akabonyeza simu, na mzee, aliyekuwa ndani ya jeneza, akawashukuru watu kwa vipaza sauti kwa kufika kwao na kuwatakia safari njema. Wapishi waliacha sufuria motoni wakakimbia. Mama alikuwa mmoja wao.

“Mimi sitakaribisha watu kwenye matanga yangu mwenyewe,” akasema. Akanyoosha mkono wake unaonuka samaki akaifunika kamera.

Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Akaniuliza kama daktari ameniambia kitu kando na mimi nikamficha yeye. Nikaapa. Akasema watu huapa. Nikamwambia nimetumia akiba ya jiko, akasema hakuniomba. Kila nilipoinua simu alinyamaza, na kila nilipoiweka chini aliongea kwa raha kabisa, kwa kile kisauti chake chenye mikwaruzo, mambo ya bei ya mafuta na mbuzi wa jirani. Niliumia. Nilikuwa na ghala tupu la kutosha sauti ya maisha mazima, na mwenye sauti ameketi mbele yangu ananinyima.

Nikawaza nimrekodi bila yeye kujua. Nikaigeuza simu kifudifudi kando ya beseni. Lakini yule mama hadanganyiki. Aliiinua kwa vidole viwili kama mtu anayeinua panya, akataka kuirusha nje, kisha akashangaa.

“Imezima.”

Nami nikashangaa. Ilikuwa ndiyo kwanza saa za alasiri zinaingia. Nilikuwa nimeijaza chaji Suna alfajiri. Baadaye niligundua kwamba pale Karungu simu ilikuwa haitulii. Ilinasa mtandao wa kwetu, ukapotea, ikanasa wa Tanzania, ikanitumia ujumbe wa kunikaribisha ugenini nikiwa nimeketi jikoni kwa mama yangu, kisha ikarudi kuutafuta wa kwetu. Ilijimaliza kwa kutangatanga. Niliichomeka kwenye sola, na sola iliyozoea kabambe haikuweza hata kuiamsha.

Mama aliketi tena. Sasa kwa mara ya kwanza alitaka kujua habari za kitu kile.

“Inaishi muda gani?”

“Siku nzima, walisema.”

“Imekufa mchana.”

“Lakini ina nafasi kubwa, Mama. Inaweza kukuweka wewe wote.”

“Kuniweka,” akasema. “Hii ni simu ya maiti. Maiti hatumii chaji. Mtu akimtaka anamwasha, analia kidogo, anamzima. Mimi sitakuwa maiti. Nitakuwa bubu.”

Nikaichomoa simu kwenye sola.

“Nitaenda ufuoni,” akaendelea, “mtu ataniambia punguza, na mimi sitaweza kumwambia sipunguzi. Mbuzi wa huyu mwanamke ataingia kwenye sukumawiki yangu. Mtu atapiga hodi, na mimi nimo ndani, aende zake akisema yule mama siku hizi ana maringo. Hiyo ndiyo sauti ninayotaka iwekwe. Maneno machache. Lakini iwe inaamka asubuhi na mimi na inalala na mimi. Hakuna ya namna hiyo?”

Ilikuwepo. Niliiacha juu ya kioo cha duka pale Migori.

Yule kijana aliponiona nikiingia na boksi kwapani, uso ulimbadilika. Akasema ikishafunguliwa hairudi. Nikamwambia hata mimi mtu akirudisha maharagwe nasema hivyo hivyo, na huwa nayapokea. Tukavutana. Alitaka kunikata kiasi, nikataka aniambie kiasi hicho ni cha nini, hakuweza kueleza. Mwishowe alinibadilishia, kwa sharti kwamba ninunue na chaja ya gari ambayo sikuihitaji, sina gari. Kabla sijaondoka nilimsimamia mpaka akaifuta ile nyembamba mbele ya macho yangu. Ndani hakukuwa na kitu ila kiganja cha mama yangu kikija kuziba kamera, mara nyingi. Hata hivyo sikutaka kibaki pale.

Ndugu yangu alikuja Karungu kutoka Homa Bay kuiandaa. Mama hasomi, kwa hiyo aliweka ndani ya simu kitu chenye vipicha: ukigusa kuku inatoka sauti moja, ukigusa mbuzi nyingine, ukigusa mlango nyingine. Nilimzuia kidogo, maana kile kitu kilianza kwa kuuliza mahali tulipo. Nilitaka kujua sauti ya kuku inahusiana nini na mahali tulipo. Akanionyesha pa kukataa, nikakataa mimi mwenyewe kwa kidole changu.

Na hapo Mama akaongea. Alisubiri alasiri, akinywa maji ya moto, sauti ikilainika. Kisha akaishika simu ile nene mbele ya mdomo akasema maneno yake, moja baada ya lingine, kama mtu anayepanga samaki juu ya meza. Karibu ndani, sukuma tu mlango. Sipunguzi. Hao ni wa leo, nusa mwenyewe. Toka hapo, mbuzi wewe. Mwambie dereva asimame. Amina. Akaita kuku wake, na kuku wakaja, ikabidi wafukuzwe ili arudie. Akamsemea ndugu yangu neno lake, kwamba asimpigie kelele mkewe. Nilingoja langu. Akazima simu, akasema koo linauma, twende tukapike.

Nitasema wazi kwamba nilimwonea wivu mbuzi. Mbuzi wa jirani alikuwa na maneno yake ndani ya simu niliyoinunua mimi, na mimi sikuwa na hata moja. Simu ilikuwa karibu tupu. Nilijaribu kumwambia nafasi bado ipo, Mama, unaweza kuongeza, na yeye akasema akikumbuka kitu ataongeza. Nikamwachia simu, nikarudi sokoni, maana magunia hayangojei.

Upasuaji ulifanyika Homa Bay na ulikwenda vizuri. Nilikaa naye siku za kwanza, nikihesabu dawa, nikisoma kila karatasi iliyobandikwa kitandani, nikiwauliza wauguzi mpaka wakawa wakiniona wanageukia upande mwingine. Alikuwa amefungwa shingo, anapumua kwa mahali papya, tundu la shingoni. Simu ilikuwa chini ya mto. Mgonjwa wa kitanda cha pili alipomwombea mgeni wake nafasi kwenye mkeka wetu, Mama aliipapasa, akatafuta, akagusa, na ile sauti kubwa ikasema wodi nzima isikie: Sipunguzi. Alikosea kipicha. Wodi ilicheka, na yeye akacheka kwa mabega tu, bila sauti yoyote. Niliyaona mabega yale nikatoka nje nikalia.

Aliporudi Karungu nilimsindikiza, nami nilitaka kuona kwa macho yangu kama kitu kile kinafanya kazi au tumeuziwa hadithi. Akasimama uani, akagusa kuku. Sauti yake ikaita. Kuku wakainua vichwa. Wakamtazama Mama, wakaitazama simu, wakabaki palepale. Niliwaelewa kabisa. Akagusa tena, akarusha mahindi kidogo, na jogoo akaja kwa hatua za pembeni, akazunguka nyuma ya Mama kuhakikisha, kisha wengine wakafuata. Mbuzi hakuwahi kushuku. Alikimbia mara ya kwanza. Simu haikuhitaji mtandao kwa kazi ile, kwa hiyo ndugu yangu aliuzima, ikaacha kutangatanga. Mama huipeleka kwa fundi wa redio karibu na barabara siku za soko, inajazwa, inakaa mpaka soko lingine. Nimeikagua mwenyewe. Kumbe inaweza.

Nikarudi Suna. Na hapo pakawa na ukimya ambao sikuupangia. Zamani nilimpigia Mama kila siku nikifungua kibanda. Sasa ningempigiaje mtu asiyeweza kujibu? Nilimpigia ndugu yangu nikauliza hali, naye alimuuliza jirani, na jirani alisema yuko sawa, na mimi kila mara nilishuku kwamba mmoja kati yao amepunguza kitu njiani. Wiki zikawa zinapita hivyo.

Siku moja nikiwa napimia mteja maharagwe, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Mama, ile ya kabambe. Niliuacha mkebe ndani ya gunia. Mama hapigi simu. Mtu asiye na sauti ampigie nani? Nikajua ni jirani. Nikajua hivi ndivyo habari zinavyokuja kwetu, kwa namba ya mwenyewe, na mtu mwingine anasafisha koo na kukuuliza kama umeketi. Nikawaza pia wezi wa simu, wale wanaodai wamekutumia pesa kimakosa, na nikaomba iwe ni wezi. Mteja akaniuliza kama niko sawa. Nikapokea, sikusema hata hello. Nilitaka aliyepiga ajitaje kwanza.

Hakujitaja. Nilisikia upepo wa ziwani. Nilisikia plastiki ikigusana na plastiki, simu moja ikisogezwa kwenye nyingine, na nikaelewa anachofanya sekunde ileile aliyokifanya. Sauti yake ikatoka, ile ya alasiri, ile ya baada ya maji ya moto, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia akiyaweka. Aliyaweka nikiwa nimesharudi sokoni.

“Nyara. Wuo. Awinji.”

Binti yangu. Sema. Ninakusikia.

Nikasema, “Mama, ni mimi,” nikashindwa kuendelea. Mteja aliweka mfuko wake chini akatazama pembeni. Nilisikia kidole kikigonga kioo, kikitafuta mahali pa kugusa. Kisha akanirudishia tena, neno kwa neno, kwa sauti ileile isiyochoka:

“Nyara. Wuo. Awinji.”